Digrii ya uhandisi wa kemikali na kazi za viwandani Kanda ya Ziwa: jibu kwa msomaji wa Igoma

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu, nasoma uhandisi wa kemikali na michakato Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumbani ni Igoma, Mwanza. Likizo hii nilikwenda fildi kwenye kiwanda cha kuchakata sangara. Muda wote sikutumia hata fomula moja niliyofundishwa. Fundi wa mitambo ya amonia ya kugandishia, ambaye elimu yake ni ya VETA, anaujua mtambo kuliko mimi kwa mbali. Baba mdogo anasema ningesoma umeme, maana kemikali ni kazi ya maabara na viwanda vyetu havina haja na watu hao. Naomba ukweli: hii digrii inaniandaa kwa kazi gani ya kiwandani, na je, huku kwetu kazi hiyo ipo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wanafunzi wengi hurudi kutoka fildi na swali hili na kukaa nalo kimya hadi wanahitimu.

Digrii yako inamwandaa mtu kwa kazi moja kubwa: kujua kila kinachoingia kwenye mtambo, kila kinachotoka, na kilichopotea katikati, kiwe ni kitu cha kushikika au ni joto, kisha kueleza kimepotelea wapi na kifanyike nini. Kazi hiyo viwanda vya Kanda ya Ziwa vinaihitaji sana, hata pale ambapo tangazo la kazi halitaji fani yako. Digrii haikuandai kufungua pampu na kubadilisha sili, yaani kizibo cha kuzuia kuvuja. Haikuandai kuongoza zamu ya usiku. Hayo utayapata kazini, na fundi yule wa amonia ni mmoja wa watakaokufundisha. Anakuzidi leo, na ni haki yake: ameishi na mtambo ule miaka, wewe umekaa nao wiki chache.

Lakini kwamba fomula zako hazikuwa na kazi pale, hapo sikubali. Kazi ilikuwepo, hakuna aliyekuonyesha pa kuzishikia. Twende pamoja kwenye kiwanda hicho hicho.

Anzia kwenye mizani ya mapokezi. Tuseme siku moja wamepokea kilo 10,000 za sangara mzima, na jioni minofu iliyofungashwa imefika kilo 3,800. Zimebaki kilo 6,200. Mapanki (mifupa na vichwa vilivyotolewa minofu), ngozi, matumbo na mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yakapimwa, jumla kilo 5,700. Kilo 500 ziko wapi? Pale kiwandani utaambiwa hiyo ni hasara ya kawaida. Wewe umefundishwa mwaka wa kwanza kwamba kitu hakipotei tu. Ama zimeondoka na maji ya kuoshea, yaani damu, mafuta na vipande vya nyama. Ama mizani mojawapo haisemi kweli. Ama kuna mzigo umetoka bila kuandikwa. Kila jibu lina dawa yake. Kama ni maji, basi kilo hizo ndizo zinazofika kwenye bwawa la majitaka, zinaoza, zinamaliza oksijeni yote ya maji yale, na kiwanda kinaanza kugombana na wasimamizi wa mazingira wa serikali na majirani. Wavu wa kuchuja kwenye mfereji wa chumba cha kukatia minofu huzuia vipande kabla havijalainika na kuwa supu, na kuzuia pale ni rahisi kuliko kusafisha bwawani. Namba hizi nimezitunga ziwe mfano, lakini hesabu ndiyo hiyo, na ni ya kujumlisha na kutoa tu. Wanafunzi huidharau kwa sababu ni nyepesi, wakakimbilia zile za kurasa mbili. Mimi nikipokea mhitimu mpya, ya kwanza ninayomwomba ni hiyo nyepesi.

Sasa tuingie chumba cha kugandisha. Kilo moja ya minofu yenye joto la nyuzi 10 ikitakiwa kufika nyuzi 18 chini ya sifuri, lazima uitoe joto la takriban kilojuli 330. Karibu robo tatu ya joto hilo hutoka wakati maji yaliyomo kwenye nyama yanageuka barafu, kipindi ambacho kipimajoto kinaonekana kama kimelala. Kwa hiyo kilo zako 3,800 zinataka kutolewa joto la karibu uniti 350, kwa maana ya kilowati-saa. Mtambo wa amonia ulio katika hali nzuri, unaohamisha uniti 2 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, utakula uniti 175 hivi kwa kazi hiyo. Kasome mita ya kompresa. Ukikuta imekula 350, una swali la maana la kumpelekea mtu: nusu ya umeme unagandisha kitu gani? Mlango unaoachwa wazi wakati wa kupakia? Theluji iliyojaa kwenye koili? Kondensa, yaani sehemu amonia inapopozwa hadi kuwa kimiminika, yenye magamba ya chumvi? Hapo umetumia somo la uhamishaji joto na la thermodinamiki kwa pamoja, kwa kalamu na karatasi.

Nikupe na lingine, kwa sababu linamhusu yule fundi. Amonia kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Mitambo ya kugandisha haraka huichemsha kwenye baridi zaidi ya hapo. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri mgandamizo wake unashuka hadi takriban baa 0.7, chini ya ule wa hewa tunayovuta. Maana yake upande wa baridi wa mtambo unavuta. Sili ikichoka, amonia haitoki nje, hewa ndiyo inaingia ndani, wala hutasikia harufu. Hewa hiyo husukumwa hadi kwenye kondensa, na kwa kuwa haigeuki kimiminika inabaki pale, inapandisha mgandamizo, na kompresa inafanya kazi kubwa zaidi bure. Fundi atasikia kompresa inalalamika. Sikio lake halikosei. Wewe una jedwali la amonia nyuma ya kitabu: kwenye nyuzi 35 mgandamizo wake ni takriban baa 13.5. Pima joto la kimiminika kinachotoka kwenye kondensa. Kama ni nyuzi 35 na geji, ukishaongeza mgandamizo wa hewa ya nje, inasoma baa 16, basi mle ndani mna kitu kingine kisicho amonia. Nenda kwa fundi na karatasi yako, mwambie kwa adabu ulichokiona, muulize yeye ameona nini. Atakuonyesha vali ya kutolea hewa na mahali sili inapochoka. Mkitoka hapo, wote wawili mnajua zaidi ya mlivyojua asubuhi. Kwa maoni yangu, ushirikiano wa namna hiyo kati ya mhandisi kijana na fundi mzoefu una thamani kuliko cheti chochote cha nyongeza utakachotangaziwa mtandaoni.

Kwa nini nimekaa sana kwenye samaki? Kwa sababu namna hiyo ya kufikiri ndiyo unayoondoka nayo chuoni, nayo haina harufu ya samaki. Inahama. Mimi nilianzia kwenye bia, nikaenda kwenye maji, sasa niko kwenye dhahabu, na sikulazimika kurudi darasani kila nilipohama.

Fani yenyewe ilijengwa hivyo kwa makusudi. Masomo ya kwanza ya uhandisi wa kemikali yalitolewa kati ya mwaka 1887 na 1888, Manchester kwa mihadhara ya George E. Davis na Marekani pale MIT. Wakati huo kila kiwanda kilionekana dunia yake peke yake: wa sabuni hajui ya wa rangi. Mwaka 1915 Mmarekani Arthur D. Little akaeleza kwamba mchakato wowote wa kemikali unaweza kuvunjwa kuwa mfululizo wa kazi chache za msingi zinazojirudia. Katika mifano yake alitaja kusaga, kuchanganya, kupasha joto, kuyeyusha kitu kutoka kwenye mawe kwa kimiminika, kuchuja, kutenganisha kwa umeme. Soma tena mfululizo huo ukiwa umesimama Geita. Ni mtambo wa dhahabu ule, kazi baada ya kazi.

Basi tuupitie. Mawe yanasagwa kwenye karasha, au yanachukuliwa marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) ya wachimbaji wadogo ambayo bado yana dhahabu ndani. Yanachanganywa na maji yenye sayanaidi, hewa inapulizwa kwa sababu dhahabu haiyeyuki humo bila oksijeni, kisha dhahabu iliyoyeyuka inanaswa na kaboni. Kaboni inapelekwa ilusheni, ambako dhahabu inabanduliwa kwa joto na kemikali, inakamatwa kwa umeme. Chukua tani 100 za marudio zenye gramu 3 kwa tani: hiyo ni gramu 300 zilizoingia. Baada ya kuloweka, mchanga uliobaki umepimwa gramu 0.9 kwa tani: gramu 90 zimekataa kutoka. Zinatakiwa gramu 210 kwenye kaboni. Ilusheni imetoa 170. Gramu 40 ziko wapi? Zimebaki kwenye kaboni isiyobanduliwa vizuri? Zimeondoka na vumbi la kaboni lililovunjika? Ziko kwenye maji yaliyorudishwa bwawani? Sampuli zilichukuliwa juu ya lundo tu? Unaona ni swali lile lile la kilo 500 za sangara. Tofauti ni kwamba hapa, mwenye mzigo na mwenye mtambo wanaweza kufikishana polisi, na anayeweza kuwaonyesha kwa maandishi dhahabu ilipo anaheshimika na wote wawili.

Kuna jambo la uhai pia. Sayanaidi ikiwa kwenye maji yenye chokaa ya kutosha hutulia humo. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikishuka hadi 9.2, nusu yake inakuwa hidrojeni sayanaidi, na hiyo hupanda hewani kama gesi inayoua. Kwenye pH 10.5 inabaki takriban asilimia 5. Kwa hiyo mfuko wa chokaa si kitu cha kubania matumizi mwisho wa mwezi. Nimekutana na wafanyakazi wanaojua kwamba "chokaa lazima iwekwe" bila kujua sababu, na mtu asiyejua sababu ndiye anayekubali kuiruka siku chokaa imeisha. Wewe unajua sababu. Kuwaeleza wenzako hadi waelewe, kwa Kiswahili au Kisukuma kilichonyooka, ni sehemu ya kazi ya mhandisi wa kemikali, na naiona kuwa sehemu yake iliyo bora. Usilichukulie somo la usalama kama la kujazia ratiba. Bhopal kule India, Desemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi la kemikali iliyotakiwa kukaa baridi na kavu, na mtambo wa kupoza tangi hilo ulikuwa umezimwa. Maelfu ya watu walikufa.

Maji nayapenda mno, nitajizuia. Mtambo wa maji wa Butimba, hapo Mwanza, ulijengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Hebu fanya hesabu: kila miligramu 1 ya dawa kwa lita ni kilo 48 kwa siku. Ukigundua kwa majaribio ya mitungi kwamba wiki hii ziwa limetulia na shabu ya kusafishia inaweza kupunguzwa kwa miligramu 5 kwa lita bila maji kuharibika, umeokoa kilo 240 kila siku. Na ziwa halitulii mwaka mzima: mvua huleta tope, mwani hustawi, magugumaji husukumwa na upepo hadi kwenye vyanzo. Anayeweka kipimo kile kile Januari hadi Desemba ama anamwaga fedha ama anawapa watu maji yasiyo salama.

Bia, soda, mafuta ya pamba na mashudu yake, sukari kule Missenyi, kahawa ya unga pale TANICA Bukoba: kote huko utakuta kupasha joto, kupoza, kuchuja, kukausha, kuvukiza na kusafisha matangi kwa kostiki. Sina haja ya kuyarudia.

Nije kwenye upungufu, maana uliomba ukweli na ukweli una upande huo.

Vitabu vya fani hii vimekulia kwenye petroli. Utahesabu minara ya kutenganisha mafuta hadi usingizini, kisha uje Mwanza usiukute hata mmoja. Utakachokuta ni tope, mchanga, nyama, majani, mafuta yanayoganda, maji machafu. Mambo ya vitu vigumu na matope, jinsi yanavyoziba mabomba, yanavyokula pampu, yanavyotuama chini ya tangi, hupewa vipindi vichache. Kama una nafasi ya kuchagua masomo mwaka wa nne, chukua ya uchenjuaji madini, ya majitaka na ya vyakula kabla ya yale yanayosikika ya kifahari. Hii ni kauli ya mtu wa ziwani. Mwenzangu anayelenga gesi ya Mtwara angekushauri vingine, na angekuwa sahihi kwa huko kwake.

Upungufu wa pili ni umeme na udhibiti. Hapo baba yako mdogo ana hoja, na umfikishie salamu zangu kwa heshima. Mitambo ya leo inaendeshwa na kompyuta ndogo za udhibiti, na mhandisi wa kemikali asiyeweza kusoma mchoro wa umeme wala kuelewa kwa nini vali imejifunga yenyewe atabaki kumsubiri mwenzake wa umeme kila saa. Huna haja ya kubadili kozi mwaka wa tatu kwa ajili hiyo. Kaa na watu wa umeme, jifunze kusoma mchoro wa mabomba na vipimo hadi uweze kutembea nao mkononi kutoka tangi hadi tangi. Alipokosea ni pale aliposema kazi yako ni ya maabara. Mkemia hukuambia mnofu una nini, maji yana nini, dhahabu ni gramu ngapi. Wewe unapokea jibu lake na kuamua vali ipi ifunguliwe na kwa kiasi gani, kwa tani nyingi kwa wakati mmoja, bila kumuunguza mtu na bila kiwanda kupata hasara.

Na hasara ndiyo upungufu wa tatu. Chuoni hatuzoezwi vya kutosha kubadilisha namba kuwa shilingi. Meneja hatakusikiliza ukimwambia kondensa ina ufanisi mdogo. Mwambie uniti 175 zinapotea kila siku ya kugandisha, zidisha kwa bei ya TANESCO wanayolipa, weka na gharama ya kusafisha kondensa pembeni. Atasikiliza.

Sasa, kazi zipo? Zipo, ila si nyingi kwa wakati mmoja, na hazijiiti jina lako. Ukitafuta tangazo lililoandikwa "mhandisi wa kemikali" utakaa nyumbani. Soma majukumu, usiishie kwenye kichwa cha tangazo. Msimamizi wa zamu ya uzalishaji, ofisa ubora, metalajia (mtaalamu wa uchenjuaji madini), ofisa mazingira, ofisa usalama, msimamizi wa mtambo wa maji: humo mote fani yako inafaa. Viwanda vya samaki vilijifunza uzito wa ubora kwa njia ngumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya mabaki ya viuatilifu, baada ya misukosuko mingine ya bakteria na kipindupindu miaka miwili iliyotangulia. Anayeweza kuonyesha kwa kumbukumbu kwamba kila hatua ilidhibitiwa ndiye anayeufanya mlango wa soko ubaki wazi. Kwenye madini, Geita imekuwa ikizalisha tangu mwaka 2000, North Mara na Bulyanhulu zikafuata, na kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania zinawataka wenye migodi kuwapa wazawa nafasi kwanza. Mwanza mjini kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa mwaka 2021, chenye uwezo wa hadi kilo 480 kwa siku. Pia kuna mitambo midogo ya ilusheni na ya kuloweka marudio iliyotapakaa mkoa hadi mkoa. Hiyo haitangazi kazi. Wenyewe huajiri kwa kuonana na mtu, malipo yake hutofautiana sana, na usalama wake pia. Ukienda huko, angalia kwanza kipimo cha pH kama kinafanya kazi na kama kuna kengele ya gesi. Kama havipo na mwenye mtambo hataki kusikia, ondoka. Hakuna uzoefu wa kazi unaostahili hatari ile.

Kazi ya kwanza huenda ikawa ya mkataba mfupi na mshahara usiokuridhisha. Usiidharau ukiwa chini ya mhandisi anayekufundisha. Ukihitimu jisajili mapema na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, uombe kuingia kwenye mpango wao wa SEAP, ambao kwa miaka 3 unakuweka kazini chini ya msimamizi mtaalamu huku ukiandika taarifa za ulichofanya. Bila hatua hiyo, digrii itabaki ukutani, na sheria haitakutambua kama mhandisi mtaalamu unayeweza kuweka sahihi kwenye kazi.

Umesema wewe ni msichana. Kiwanda kina zamu ya usiku na Igoma si mbali, lakini saa nane usiku hakuna daladala. Kabla hujasaini mkataba, uliza usafiri wa zamu, uliza vyumba vya kubadilishia nguo, uliza kama wana buti na ovaroli za saizi yako. Buti kubwa kwenye sakafu yenye mafuta ya samaki ni ajali inayosubiri. Kuuliza mambo haya si kudeka. Kiwanda kilichojipanga kina majibu tayari, na kisichojipanga utakijua hapo hapo. Na usikubali kupelekwa ofisini kupanga mafaili "kwa sababu huko nje ni kazi ya wanaume". Nimewahi kuambiwa hivyo na bosi wangu mmoja. Nilimjibu kwamba nimesomea mtambo, na nikaenda kwenye mtambo.

Umebakiwa na fildi moja na mradi wa mwaka wa mwisho. Viunganishe. Omba nafasi mapema, ukiweza kwenye kiwanda kile kile, kwa sababu sasa wanakujua. Siku za mwanzo usiulize sana, chora. Chora mtambo wote kwa mkono, tangi kwa tangi, bomba kwa bomba, kisha mpe fundi akusahihishe. Halafu chagua kitu kimoja tu, maji, au umeme wa kugandisha, au mafuta yanayoondoka na majitaka, ufunge hesabu yake: kilichoingia, kilichotoka, kilichopotea. Omba kukaa angalau na zamu moja ya usiku, maana mambo mengi yasiyoandikwa kwenye daftari hutokea wakati huo. Omba ruhusa ya maandishi kabla ya kutoa namba za kiwanda nje, na kama hawataki jina lao litajwe, usilitaje.

Kwa mradi, ningekushauri mafuta na damu ya majitaka ya samaki kabla ya mada yoyote ya kompyuta tupu. Sampuli ziko karibu na kwenu na tatizo ni la kweli. Ukishachora na kupata namba za kwanza, hata kama hazifungani, nitumie. Nitazisoma na kukurudishia maswali yangu pembeni.